Kikombe cha Maji Mteremkoni

Moto ulipopita juu yetu mwezi wa pili
hatukupoteza hata shati kwenye kamba.
Uliteketeza mikaratusi, mibono, nyasi za ng'ombe wa Muthama,
ukafika kwenye bomba la majitaka, ukakohoa, ukafa.
Jumapili tulitoa sadaka ya shukrani.
Mimi pia nilitoa. Shilingi hamsini.

Jumatatu nilipanda na mwiko na ndoo
(kazi yangu ni mawe, kuta, misingi ya watu)
nikitafuta changarawe ya bure.
Mteremko ulikuwa mweusi, mlaini kama unga wa wimbi,
kiatu kikizama hadi kwenye kamba.
Nilichota maji ninawe uso.
Yakanidondoka.

Hayakuzama.
Yalijikunja yakawa shanga,
yakabingirika juu ya majivu, yakashuka
yamebeba vumbi mgongoni, kama siafu wanaohama.
Nikamwaga kikombe kizima. Vivyo hivyo.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki;
haya ningeyazoa kwa vidole, moja moja, kama maharagwe.

Nikachimba kwa mwiko, kina cha kidole:
chini ya majivu kuna ngozi, ngumu, ya nta,
kama sufuria iliyounguza uji.
Chini ya ngozi hiyo, udongo mkavu
ambao usingejua kwamba mvua imenyesha.

Nikahesabu paa zilizo chini yangu.
Mia moja na nne, nikaacha. Macho yaliingia moshi,
ingawa moshi ulikuwa umekwisha siku nne.

Nilimwambia Muthama. Akasema, mvua ya hapa naijua,
hunyesha siku tatu ndipo ardhi ilegee.
Nikasema, hii haitangoja kulegea.
Hii inataka robo saa.
Nilimwambia Nyaboke wa makaa,
akaniuliza siku hizi nauza nini.
Ni Tume Halake tu, mshonaji, aliyetoka nje,
akamwaga chai yake kwenye majivu, akaitazama inavyokimbia,
akarudi ndani, akaanza kulegeza skrubu za cherehani.

Juu ya paa lake tuliweka kopo la mafuta ya kupikia,
ubavuni mstari wa rangi ya kucha.
Ikifika hapa, alisema, hatuulizani.

Usiku wa tarehe tisa mwezi wa nne
mvua iliangukia kilima kimoja, kama ina deni nacho.
Kopo lilifika mstarini kabla taarifa ya habari haijaisha.
Ndipo Gitathuru ukanyamaza.
Mto unaonung'unika usiku kucha, masika na kiangazi,
ukanyamaza:
kitu huko juu kilikuwa kimeukaba koo.
Tume akagonga mabati kwa pasi yake.
Mimi nikagonga kwa nyundo.
Milango ikafunguka ikitutukana.

Halikuja kama maji.
Lilikuja kama zege nililokoroga maisha yangu yote,
lile zito, la msingi,
ila hili lilikuwa na visiki, matairi,
na jiwe kubwa kama kioski
likielea. Jiwe. Likielea.
Harufu ya moto ule ikapita tena mbele yetu, imelowa.

Muthama alirudi kumfungua ng'ombe.
Ng'ombe alipatikana darajani asubuhi, mzima, akicheua.
Muthama tulimpata Alhamisi.

Mwezi wa saba nimepanda tena.
Kuna nyasi fupi, za kijani cha aibu.
Nimemwaga kikombe.
Maji yamesimama kidogo, kama mgeni
asiyejua kama atakaribishwa,
kisha yameingia.
Nilitaka kumpigia mtu simu.

Chini, pale tope lilipolala,
mwenye ploti amekwisha kuchora kwa chokaa:
vyumba kumi na viwili.
Ameniita kwa jina, ameniuliza bei ya msingi.
Sijamjibu.
Naosha mwiko, ingawa leo haukushika udongo.